Mama Aliyesikiliza Lango

Nikianza kusimulia habari za Mama Mwenye Nyumba, watu hucheka kabla sijafika mbali. Nikisema alikuwa na sheria za redio, wanacheka. Nikisema alikuwa na sheria za ugali, ndiyo kabisa. Zamani nilikuwa nabishana nao. Siku hizi nimechoka, nawaacha wacheke mpaka wamalize, kisha naendelea.

Nilipanga chumba kwake Ngokolo, mjini Shinyanga, miaka ya tisini, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye darasa lililofurika na mshahara uliokuja ukijisikia. Jina lake nalijua lakini sikuwahi kulitumia. Wapangaji tulimwita Mama Mwenye Nyumba, wauza maziwa waliotoka vijijini walimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na yeye alituita kwa kazi zetu. Mimi nilikuwa Mwalimu. Kijana wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akinunua dhahabu machimboni Geita na kuja kuiuza mjini, alikuwa Broka. Mama mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mjane wa siku nyingi, mwenye mwendo wa mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Niseme jambo moja mapema, maana bila hilo sheria zake zote zitaonekana wazimu wa uzeeni. Mama yule alikuwa akimsubiri mwanawe wa pekee.

Kijana huyo alikwenda Geita kutafuta dhahabu wakati vijana wa mji mzima walipokuwa wanakwenda. Mwanzoni alibahatika. Akamtumia mama yake redio kubwa ya kaseti yenye spika mbili, iliyofungwa kwenye blanketi na kuletwa na dereva wa lori. Mama, ambaye wakati huo hakuwa na sheria yoyote, aliiweka dirishani na kuifungulia mpaka mwisho, ili mtaa wote ujue kwamba mwanawe hakumsahau. Wageni walikuja kuiona. Walilishwa. Ikawa ndiyo nyumba ya raha pale mtaani.

Siku moja, wageni wakiwa uani wanakula na redio ikivuma, kijana alikuja. Bahati ilikuwa imemgeuka. Shimo lake lilikuwa limejaa maji, amekuja na nguo alizovaa tu. Mtu aliyerudi mikono mitupu kutoka machimboni haingii nyumba yenye watu kwa kishindo. Alisimama nje ya lango akapiga hodi, kama alivyofunzwa na mama huyohuyo. Hakuna aliyeitika. Akapiga tena. Akapiga ya mwisho, na kwetu hodi ya mwisho isipoitikiwa unaondoka, hata kama moshi wa jiko unauona. Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alimwona akigeuka. Alimuuliza, "Vipi, hawapo?" Kijana akajibu, "Wapo. Wana wageni wao." Akaenda zake stendi.

Muuza mkaa alikuja kuleta habari hizo kesho yake, akidhani anampelekea mama salamu. Mama aliniambia kwamba aliposikia alikaa chini palepale mlangoni, na kwamba redio ilikuwa bado inaimba.

Nilipohamia kwake, mambo hayo yalikuwa yamepita miaka kadhaa, na redio ilikuwa inakaa kabatini chini ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Kitambaa kilivuliwa kwa taarifa ya habari, kwa salamu za wasikilizaji, na kwa matangazo ya vifo. Basi. Wakati redio inasema, yeye hakufanya kitu kingine. Hakuchambua mchele, hakushona. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akaitazama redio kama mtu anayetazama mdomo wa msemaji. Kipindi kikiisha aliizima na kusema, "Imeshasema. Sasa na sisi tusikie tuliko."

Matangazo ya vifo ndiyo yaliyomchosha. Mashimo ya Geita yalikuwa yakifukia watu, na majina mengine yalifika kwa redio kabla ya kufika kwa barua. Alisikiliza kila jina hadi mwisho, hata majina ya watu wa Songea na Tanga, na jina analoliogopa lisipotajwa alishusha pumzi, akarudisha kitambaa, akakinyoosha pembe zote. Nilikuwa nikimtazama nikajiambia kwamba mimi nisingeweza kuishi hivyo hata wiki. Yeye aliweza, lakini uso wake ulikuwa unalipa.

Sheria za chakula zilikuwa nyingi na nyingine hazikuwa na maana yoyote ambayo niliwahi kuielewa. Jioni wapangaji wote tulikula pamoja mkekani. Alikuwa ameweka hivyo, na kodi yake ilikuwa nafuu kiasi kwamba hakuna aliyepinga. Ugali ulikuwa wa mtama, na mboga mara nyingi mlenda au dagaa. Asubuhi kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, akivichemsha na karanga za kutwanga mpaka jiko lote linukie. Ukinawa, unakaa. Ukikaa, huinuki mpaka wa mwisho amenawa tena. Matonge ya mwanzo yanakwenda bila neno. Ukitaka kuzungumza, subiri njaa ya kwanza iondoke.

"Mnakula kama mnafukuzwa," alituambia. "Nani anawafukuza?"

"Kazi, mama," Broka akajibu.

"Kazi ipo hapa mkekani? Haipo. Basi kula."

Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa na desturi ya kusahihisha daftari za watoto huku nakula. Nilifanya hivyo jioni moja pale mkekani, kalamu nyekundu mkono wa kushoto. Mama alipomaliza kula aliniuliza, "Mwalimu, mlenda ulikuwa na chumvi?" Nikasema ndiyo, mtamu sana, ahsante. Akaniambia, "Haukuwa na chumvi. Chumvi iliisha mchana." Broka alicheka mpaka akapaliwa. Nilikasirika sana, na siku iliyofuata daftari nikaziacha chumbani.

Sitaki kumfanya malaika. Mama huyu aliyetufundisha kula kwa utulivu alikuwa na kopo la sukari nyuma ya mlango wa stoo, na mara nyingi nilimfumania amesimama, kijiko mdomoni, akimeza harakaharaka. "Dawa," alisema, akajifuta. Alituzuia kusengenya wakati wa chakula, lakini tulipokwisha kunawa alitaka habari za mtaa mzima, tena kwa ukamilifu. Na aliyekuwa hataki kelele alikuwa na sauti ya kumwita muuza maziwa ambayo ng'ombe mwenyewe angeitika. Nilimwambia hivyo siku moja. Akasema, "Ya kwangu ninaijua, Mwalimu. Nikitaka inakoma."

Kwa muziki alikuwa mgumu kuliko yote. Kaseti zake zilikuwa chache, na moja aliipenda kupita kiasi: ngoma za Kisukuma zilizorekodiwa kijijini kwao, zenye manju aliyeimba na kundi zima likimjibu na vumbi la miguu unalisikia kabisa. Aliisikiliza upande mmoja, akaizima. Upande wa pili ulikuwa wa kesho. Na haikuguswa kabla watu hawajavuna. Kwao ngoma hizo huchezwa mtama ukishaingia ghalani, jembe likishapumzika, na yeye hakuona kwa nini kaseti ibadilishe utaratibu huo.

Broka hakulijua hilo. Alitoka Geita siku moja ya mvua na kaseti kama hiyo, akaifungulia chumbani kwake, kwa heshima kabisa, akidhani anamfurahisha mama. Mama alikwenda mlangoni kwake na jembe mkononi. Alikuwa akipalilia mchicha nyuma ya nyumba.

"Baba, hiyo ngoma ya mavuno."

"Ndiyo, mama. Nzuri eeh?"

"Nzuri. Umevuna nini?"

Broka alifikiri kidogo. "Sijavuna kitu. Mwezi huu nimekula hasara."

"Basi zima. Ngoja uvune."

Akazima. Tulimtania mwaka mzima. Kila akirudi kutoka machimboni tulimuuliza kama tumruhusu kuweka kaseti. Lakini nakumbuka vizuri mavuno yaliyofuata, siku mama alipoivua redio kitambaa na kuweka kaseti yake. Miezi yote ile hatukuwa tumeisikia. Alikaa mikono mapajani, na sisi tukakaa kwa sababu yeye amekaa. Mimi si Msukuma, maneno mengi yalinipita, lakini nilimsikia manju akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Maishani nilikuwa nimesikia nyimbo nyingi mno nikiosha vyombo, nikipiga pasi, nikisubiri basi, na sikuwahi kusikia mwimbaji akivuta pumzi. Nilitokwa na machozi na sikuona aibu.

Baadaye Broka alipata kweli. Akanunua runinga na deki ya video kwenye duka la Mhindi barabara kuu, akaja nayo kwa mkokoteni, na watoto wa mtaa wakiusindikiza. Tulitazamana. Mama alizunguka ile runinga, akaigonga mgongoni kwa kidole, akauliza kama ina mahali pa kuzimia. Akaonyeshwa. "Basi haina ubaya," akasema. Aliruhusu itazamwe Jumamosi, picha moja, na ikiisha watu waseme walichoona. Chakula kikiiva, runinga igeuzwe uso ukutani. Broka alilalamika kwamba ni runinga yake na chumba analipia. Mama akamjibu kwa upole tu, "Lango ni langu, baba. Nataka kulisikia."

Hakuna aliyebisha tena baada ya hapo. Sote tulijua anasikiliza nini. Ilikuwa tukila tunasikia nyayo zote zinazopita barabarani, na nyayo zikipunguza mwendo, tonge la mama lilisimama njiani. Halafu nyayo zinapita, na anakula. Nyumba ile ilikuwa na utulivu ambao wageni waliusifia, wakasema kwa mama mwenye nyumba mtu unapumzika. Mimi niliyekaa humo nasema kulikuwa na uchovu pia. Kusikiliza kitu kisichokuja kunachosha kuliko kelele. Nyakati nyingine nilitamani apige redio mpaka spika zipasuke, japo jioni moja tu, apumzike.

Nilimwambia mara moja aende Geita akamtafute. Aliniangalia kama nimetukana.

"Nikienda, na akaja?"

"Sisi tupo, mama. Tutamfungulia."

"Alikuja siku ile, watu walikuwepo," akasema, akaendelea kuchambua karanga.

Kisha nikapata uhamisho, nikapelekwa shule moja ya Geita. Mama alinifungia michembe kwenye mfuko wa salfeti na kunisindikiza hadi stendi, kwa haraka, akitazama nyuma. Hakuniomba nimtafute mwanawe. Nilijaribu hivyohivyo. Geita ya wakati huo ilikuwa watu juu ya watu: wachimbaji kutoka Mara, Kigoma, Singida, wanaotwanga mawe kwa nondo kutwa, wanaouza maji, wanaonunua dhahabu. Kila niliyemuuliza alimjua kijana wa Shinyanga, na kila mmoja alimjua wa kwake. Nikachoka, nikaacha. Sheria za mama nazo ziliniponyoka moja baada ya nyingine. Nilirudi kusahihisha daftari huku nakula, redio ikiongea peke yake kwenye meza, na chumvi sikuisikia tena.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni mama alipokuja. Nilitoka shuleni mchana nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya chumba changu, kapu miguuni, viatu vyekundu kwa vumbi. Alikuwa amepungua sana. Alikuwa amepitia Kahama, akalala Nyahanga kwa mdogo wake, na barabara ya kutoka huko ilikuwa imemponda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Nipe maji."

Alikunywa, akaniambia. Broka amemwona mwanawe. Yu hai, ana banda la video kwenye machimbo yaliyo nje kidogo ya mji, huko anakotembelewa na wachimbaji wakitoka shimoni. Alimwambia Broka hawezi kwenda Ngokolo. Ataanzaje kuingia baada ya muda wote huo? Mama alipoambiwa hivyo alimkabidhi Broka ufunguo wa lango, akafunga safari.

"Umeacha nani wa kusikiliza?" nikamuuliza.

"Nimechoka kusikiliza," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Alichemsha michembe na karanga kwenye jiko langu, akalifunga bakuli kwa kitambaa cheupe, tukapanda gari la wachimbaji. Banda tulilisikia kabla ya kuliona. Jenereta lilinguruma nyuma, spika mbili zilining'inia mlangoni, na ndani kulikuwa na picha ya mapigano, watu wakilia na bunduki zikipasuka, juu ya muziki uliokuwa ukipigwa kuita wateja. Nilitazama uso wake nikahofia. Aliendelea kutembea.

Mwanawe alikuwa mlangoni anapokea wateja. Alikuwa mtu mzima sasa, mweupe kichwani kabla ya wakati wake. Alimwona mama yake akabaki ameduwaa. Midomo yake ilisema shikamoo, sauti sikuisikia. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaushika muda mrefu, na watu wakapita pembeni yao kuingia. Kisha kijana alimkalisha kwenye benchi chini ya spika, maana ndipo palipokuwa na kivuli, akaanza kuhangaika: soda, kiti, maji ya kunawa. Mara wateja wanamwita, mara kanda inakwama. Alikuwa akija na kuondoka. Mama alifungua bakuli akaliweka benchini. Kijana alichukua kipande, akakila akiwa amesimama, macho mlangoni, akakimbilia ndani. Nilisubiri mama aseme neno. Alimtazama alipokwenda, akamtazama aliporudi.

Kisha kichwa chake kikaanza kuinama. Nilidhani anaumwa. Nikasogea nikamgusa bega, nikamsikia akipumua. Alikuwa amelala. Spika zilikuwa juu yake kabisa, benchi lilikuwa linatetemeka, na yeye alikuwa amelala mdomo wazi, mikono imelegea, usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Kwa miaka yote niliyoishi kwake, akilala chumba cha jirani na changu, sikuwahi kumjua ana usingizi usiokatizwa na mbwa anayebweka barabarani.

Kijana alitoka na soda akamwona. Uso wake ukabadilika. Aliinua mkono kwenye swichi ya spika, akaniinamia sikioni.

"Nizime? Kelele zitamuumiza."

"Usizime," nikamwambia. "Ukizima ataamka."

Alinitazama, akamtazama mama yake. Sijui alielewa kiasi gani, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza yote pale. Alishusha mkono. Alivua koti lake akamfunika miguu, akavuta ndoo tupu akaigeuza, akakaa karibu naye, bakuli mapajani. Akaanza kula michembe, taratibu, kipande kimoja kimoja, macho kwa mama yake.

Kanda ya ndani ikaisha. Wateja wakapiga miluzi, mmoja akatoka akamwita kwa jina. Kijana hakuinuka.